Shajara ya mradi: kutafuta kigeu ala cha mahitaji ya dagaa wabichi, Mwanza

8 Januari 2024: swali, na orodha ya vigeu kabla ya namba yoyote

Kikundi cha akina mama wakaangaji wa dagaa hapa Ilemela kinafikiria kukopa fedha za jokofu kubwa ili kiendelee kuuza hata siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi mingi inapokuwa imepumzika. Kabla ya kutia saini wanataka kujua jambo moja: mzigo ukiongezeka sokoni siku za uhaba, bei itashuka kiasi gani? Mzigo ukiongezeka kwa asilimia 10 na bei ikashuka kwa chini ya takriban asilimia 9, mapato yanapanda na mkopo unalipika. Bei ikishuka zaidi ya hapo, watakuwa wamekopa ili wapunguze mapato yao wenyewe. Kinachotafutwa, kwa hiyo, ni unyumbufu wa mahitaji ya dagaa wabichi, yaani jinsi kiasi kinachonunuliwa kinavyoitikia bei, na shajara hii naiandika ili mwenye swali kama hili kwenye mwalo mwingine, yaani mahali pengine mitumbwi inaposhusha samaki, aweze kufuata njia hiyohiyo.

Kukusanya bei na kiasi kila asubuhi na kuvipitisha kwenye regresheni ya kawaida, ile hesabu ya takwimu inayotafuta mstari unaounganisha bei na kiasi, hakutoshi. Kila jozi ya bei na kiasi ni mahali ambapo mahitaji na ugavi vimekutana. Siku wanunuzi wanapoongezeka, bei na kiasi hupanda pamoja, na regresheni huona kana kwamba bei kubwa haiwafukuzi wateja. Makadirio ya athari ya bei huvutwa kuelekea sifuri. Dawa ya tatizo hili ina karibu miaka 100: mwaka 1928 Philip Wright, Mmarekani aliyekuwa akichunguza soko la mbegu za kitani, alionyesha kwamba tukipata kitu kinachosogeza ugavi peke yake, mabadiliko ya bei yanayotokana na kitu hicho yataichora mistari ya mahitaji. Kitu hicho ndicho kigeu ala. Kina masharti mawili: kiisogeze bei kwa nguvu inayoonekana, na kisiwe na njia nyingine yoyote ya kukifikia kiasi kinachonunuliwa isipokuwa kupitia bei. Sharti la kwanza linapimika kwa takwimu. La pili halipimiki moja kwa moja. Linatetewa kwa kujua jinsi dagaa anavyotoka majini hadi kwenye kikaango. Ndiyo maana nimeandika orodha ya vigeu na hoja za kila kimoja leo, kabla sijafungua programu, kwa kuwa mtu akichagua kigeu kwa kuangalia kipi kimetoa namba nzuri, atakuwa amechagua bahati.

Bei ya petroli ilikuwa ya kwanza kutajwa na kila niliyemuuliza, kwa sababu injini za mitumbwi zinainywa usiku kucha. Nimeikataa. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hubadilika mara moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza, kwa hiyo mwaka mzima hutoa mabadiliko 12 tu. Zaidi ya hayo, mafuta yakipanda, nauli ya daladala na ya malori yanayobeba mzigo hupanda pia, na hapo wanunuzi wanaguswa moja kwa moja. Mvua nimeikataa kwa sababu ya aina hiyohiyo: inawazuia wavuvi, lakini inawazuia pia wateja, na kwa wakulima inabadilisha kipato cha msimu mzima. Bei ya jana inaonekana salama kwa kuwa imekwisha kupita, lakini kilichowaleta wanunuzi jana mara nyingi bado kipo leo. Bei za Musoma au Bukoba zingefaa kama masoko hayo yangeunganishwa na gharama za uvuvi peke yake. Wafanyabiashara wa Kongo, Rwanda na Burundi wakiongeza ununuzi, bei hupanda ziwa zima kwa pamoja.

Zimebaki mbili: mwanga wa mwezi na upepo wa usiku. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za sola na betri. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti na wavuvi hupumzika. Mwezi hauulizi wanunuzi wana fedha kiasi gani. Upepo una ndugu yake maarufu katika fani hii: Kathryn Graddy alipochunguza soko la samaki la Fulton, New York, kwa takwimu za 1991 na 1992, hali ya hewa ya baharini ndiyo iliyotumika kusogeza ugavi.

12 Februari 2024: ndoo si kipimo

Gharama hadi sasa: posho ya kijana anayeandika bei ni shilingi 5,000 kwa asubuhi, madaftari na kalamu ni fedha ndogo, na programu ya takwimu ya R ni ya bure. Kuanzia wiki hii imeongezeka mizani ya kuning'iniza, shilingi 35,000, na sababu ya kuinunua inastahili maelezo.

Katika wiki za mwanzo bei ya ndoo ya lita 20 ilikuwa haitikisiki. Iliweza kubaki ileile siku nyingi mfululizo, kisha ikaruka kwa hatua kubwa. Ukitazama daftari ungesema soko limelala. Ukisimama mezani unaona jambo jingine. Asubuhi ambayo mitumbwi imerudi imejaa, muuzaji anajaza ndoo hadi dagaa wanafanya kilima juu ya ukingo, anashindilia kwa kiganja, kisha anatupia ujazo mwingine wa bakuli kama nyongeza. Asubuhi ya uhaba anapitisha mkono juu ya ukingo na kufuta ndoo ibaki sawasawa, na fedha anayopokea ni ileile. Bei inabadilika kila siku. Kinachosimama ni noti tu. Wauza dagaa wakavu hufanya vivyo hivyo kwa lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake.

Mwenye kusoma juu ya vigeu ala anaweza kujibu kwamba njia hii inajulikana kwa kutibu pia makosa ya upimaji, basi ndoo isitusumbue. Tiba hiyo inahusu kosa la nasibu lisilofungamana na kigeu ala. Kosa letu linafungamana nacho: ndoo hujaa zaidi siku za giza na hupungua siku za mbalamwezi, yaani mwezi unasogeza kosa la kipimo kama unavyosogeza bei halisi. Hatua ya kwanza ya hesabu, inayopima jinsi mwezi unavyosogeza bei, ingeonekana dhaifu kuliko ilivyo, na unyumbufu ungetoka mkubwa kupita kiasi, kwa sababu mabadiliko ya kiasi yangegawanywa kwa mabadiliko ya bei yaliyopunguzwa.

Sasa kila asubuhi ndoo kadhaa zinapimwa kabla ya kumwagwa, na bei inaandikwa kwa kilo. Ndoo tupu hupimwa pia, kwa kuwa uzito wake si mmoja. Wiki zilizotangulia mizani nimeziondoa kwenye uchambuzi.

20 Aprili 2024: kupima giza, na sikukuu zinazofuata mwezi

Nilitaka kutumia asilimia ya uso wa mwezi unaong'aa, namba ambayo kila kalenda inaitoa. Mazungumzo na wavuvi wa Igombe yamebadilisha mpango huo. Mzee mmoja aliniambia, “Mwalimu, sisi hatuvui asilimia. Tunavua giza. Mwezi ukichelewa kutoka, jioni ni yetu.” Maneno yake yana hesabu ndani yake. Mwezi hutoka ukichelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo usiku wa tatu baada ya mwezi mpevu kuna saa mbili na zaidi za giza tangu jua linapozama. Siku tatu kabla ya mwezi mpevu giza la urefu huohuo lipo, ila limekaa alfajiri, na anayelitaka hana budi kukesha majini akilingoja. Asilimia ya kalenda inazihesabu nyusiku hizo mbili kuwa sawa. Isitoshe, nusu ya mwezi haitoi nusu ya mwanga. Hutoa karibu sehemu ya kumi tu ya mwanga wa mwezi mpevu.

Kigeu ninachotumia, basi, ni saa za giza kati ya kuzama na kuchomoza kwa jua, zinazokokotolewa kutokana na nyakati za mwezi kutoka na kutua hapa Mwanza. Kwa kuwa tuko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, usiku wetu una karibu saa 12 mwaka mzima, jambo linalotuepusha na majira kujichanganya ndani ya kipimo. Giza la jioni na giza la alfajiri nimeyahifadhi kama safu mbili, ila kigeu kikuu ni jumla yake. Kila ala inayoongezwa bila nguvu ya kutosha huvuta makadirio ya hatua mbili (kwanza ala hutabiri bei, kisha bei iliyotabiriwa hueleza kiasi) kuelekea yale ya regresheni ya kawaida, na sikutaka kununua usahihi wa uongo.

Kuna marekebisho mawili ya tarehe ambayo atakayenakili kazi hii asiyapite. Bei ya asubuhi ni ya usiku uliotangulia, kwa hiyo safu ya giza lazima isogezwe siku moja. Tena, majedwali mengi ya mwezi yameandikwa kwa saa za Greenwich: mwezi mpevu uliopewa 23 Aprili mwaka huu kwetu utafika karibu saa tisa ya usiku wa kuamkia 24.

Kisha yapo mambo ya imani, ambayo vitabu vya fani hii haviwezi kuyajua kwa niaba yetu. Iddi el-Fitri huja na mwandamo wa Mfungo Mosi, katika giza. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, hivyo Ijumaa Kuu haiwi mbali na mbalamwezi. Mwaka huu mwezi ulipevuka 25 Machi na Pasaka ikawa 31 Machi. Mji huu una Waislamu na Wakristo wengi, na siku hizo meza ya chakula hubadilika: Ijumaa za Kwaresima kitoweo cha samaki kinatafutwa, siku ya sikukuu nyama inachukua nafasi. Mwezi, kwa maana hiyo, una njia ya kufika kwenye mahitaji bila kupitia bei. Kwaresima na Ramadhani zenyewe hazinisumbui sana, kwa kuwa kila moja hukaribia au kupita mzunguko mzima wa mwezi na hivyo ina giza na mbalamwezi ndani yake. Kigeu cha ndiyo na hapana kwa kipindi chote kinatosha. Siku za kilele ndizo hatari. Wiki ya Pasaka na siku za Iddi zote mbili zimepewa vidhibiti vyake, yaani vigeu vinavyotenga athari yake, na nimeendesha hesabu nyingine ambamo zimeondolewa kabisa.

13 Julai 2024: ndizi mbivu

Hatua ya kwanza ilitoka na nguvu ya kupendeza. Saa za giza zikiongezeka, bei kwa kilo inashuka, F, kipimo cha nguvu ya ala, iko juu sana ya 10, ile kanuni ya kukadiria kwa haraka ambayo Douglas Staiger na James Stock waliieneza mwaka 1997. Mtu mwenye haraka angefunga daftari hapo.

Tangu Januari, hata hivyo, kijana wetu amekuwa akihesabu mauzo ya ndizi mbivu kwenye meza ya jirani. Ndizi mbivu si mbadala wa dagaa. Kinachozipandisha ni wingi wa watu sokoni na fedha mifukoni mwao. Ikiwa mwezi unafika kwa mnunuzi kupitia bei ya dagaa tu, hauna kazi na ndizi. Nilipoweka mauzo ya ndizi mahali pa dagaa, saa za giza zikayatabiri vizuri: mbalamwezi ikija, ndizi zinauzwa zaidi.

Jibu lilikuwa kwenye kalenda ya ukutani. Mwezi ulipevuka 25 Januari, 24 Februari, 25 Machi, 24 Aprili, 23 Mei na 22 Juni. Mishahara nayo hutoka katika wiki ya mwisho ya mwezi. Mzunguko wa mwezi una siku 29.53, mwezi wa kalenda kwa wastani una siku 30.44, hivyo kila mwezi tofauti inayojengeka haifiki siku moja. Katika nusu mwaka wote mbalamwezi ilikuwa imekaa palepale watu wanapopokea fedha. Kilichoonekana kuwa athari ya uhaba wa dagaa kilikuwa pia athari ya mshahara, na athari hizo mbili zinavuta kiasi pande tofauti: uhaba unakipunguza, mshahara unakiongeza. Unyumbufu ulitoka mdogo kuliko ulivyo, yaani ungewaambia akina mama kwamba wateja hawajali bei, na kwamba mzigo wa ziada ungeangusha bei vibaya. Wangeacha jokofu kwa sababu ya kalenda.

Niliongeza vidhibiti vya tarehe ya mwezi wa kalenda, kundi moja kwa kila siku tano. Ndizi zikanyamaza kama zilivyopaswa. Lakini hatua ya kwanza nayo ikalegea, F ikaanguka chini ya 10, kwa sababu baada ya kuondoa tarehe hakubaki tofauti kubwa ya giza ya kutumia. Hapa hakuna hila ya takwimu inayosaidia. Ala dhaifu haitibiwi kwa kubadilisha kanuni ya makosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio) wala kwa kuongeza asubuhi ndani ya miezi ileile. Inatibiwa kwa kungoja mwezi uhame kwenye kalenda. Kwa mwendo wake wa karibu siku 11 kwa mwaka, utahitaji takriban miaka mitatu kupita tarehe zote, lakini mwaka mmoja na nusu unatosha kuutoa kwenye wiki ya mishahara na kuuweka katikati ya mwezi. Nimekubaliana na kikundi kwamba mkopo usubiri. Gharama ya posho itakuwa zaidi ya mara mbili ya bajeti ya kwanza, na nimeilipa sehemu kutoka kwenye kazi nyingine, kwa kuwa nusu mwaka wa takwimu bila mwendelezo usingekuwa na thamani yoyote.

26 Oktoba 2024: asubuhi zisizo na ndoo

Siku za mwezi mpevu mara nyingine hakuna hata ndoo moja inayoletwa. Hakuna mauzo, hakuna bei, na hesabu inatumia logi (logarithimu) ilhali logi ya sifuri haipo, kwa hiyo programu inazitupa siku hizo kimyakimya. Hizo ndizo siku ambazo kigeu ala kinasema kwa sauti kubwa zaidi. Kuzitupa ni kubakiza siku za mbalamwezi ambazo kwa sababu fulani mzigo ulipatikana, na mara nyingi sababu hiyo ni wanunuzi waliotoa bei ya kumshawishi mvuvi kutoka. Mahitaji yanarudi ndani kwa mlango wa nyuma. Nimeunganisha siku tatu tatu, kiasi kikijumlishwa na bei ikipimwa kwa uzito wa mauzo. Mafungu ya namna hiyo yasiyo na mauzo kabisa sasa ni machache mno. Makosa sanifu yanakokotolewa kwa njia ya Newey na West ya mwaka 1987, kwa kuwa fungu moja hufanana na linalofuata.

Nimeamua pia kwamba makadirio yatatoka kwenye soko la mjini tu. Kwenye kambi za visiwani huko Ukerewe na Sengerema, wavuvi wenyewe ni sehemu kubwa ya wateja wa chakula. Mbalamwezi ikiwafunga pwani, wengine hurudi kwao, na waliobaki hawana fedha. Mahitaji ya kambi yanashuka pamoja na ugavi. Kwenye kambi mwezi si kigeu ala halali, ijapokuwa hatua ya kwanza huko ingekuwa na nguvu kuliko popote.

8 Februari 2025: upepo, na kutokukubaliana kwa ala mbili

Nimeongeza ala ya pili, kasi ya upepo kuanzia jua kuzama hadi alfajiri. Upepo mkali huambatana na mvua, na mvua ya asubuhi huwazuia wateja, kwa hiyo mvua kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 imeingizwa kama kidhibiti. Mvua ya usiku wa manane sikuidhibiti, kwa sababu ni sehemu ya njia ya ugavi yenyewe.

Ala mbili kwa kigeu kimoja zinaruhusu jaribio la Sargan la mwaka 1958, ambalo Hansen alilipanua mwaka 1982 na ambalo hujulikana kwa herufi J. Wengi huliripoti kama cheti cha uhalali. Linachouliza ni kama ala mbili zinatoa jibu moja. Zikikubaliana zinaweza kuwa zimepotoka pamoja. Zikikataana, hatujui ni ipi iliyopotoka, wala hatujui kama kuna iliyopotoka. Mwaka 1994 Guido Imbens na Joshua Angrist walionyesha kwamba kila ala hupima mwitikio wa wale inaowasogeza. Ala mbili halali zinaweza kutoa majibu mawili tofauti, yote ya kweli.

Kwa dagaa wabichi J haikukataa kwamba ala mbili zinakubaliana. Kwa dagaa wakavu, ambao nilikuwa nikiwaandika sambamba, ilikataa waziwazi: upepo ulitoa unyumbufu wa kawaida, lakini mwezi ulitoa namba isiyo na maana, na hatua yake ya kwanza kwa bei ya wakavu ilikuwa hafifu. Maelezo niliyapata Kirumba, kwenye soko la Mwaloni, ambako magunia ya dagaa wakavu hupangwa hadi darini. Mfanyabiashara anajua mwezi utapevuka lini mwaka mzima mbele. Ananunua wakati wa giza, anahifadhi, anauza wakati wa mbalamwezi, na kwa kufanya hivyo anaizuia bei isipande. Uhaba unaotabirika, kwa bidhaa inayohifadhika, hausogezi bei ya siku; unasogeza maghala. Mbaya zaidi, ununuzi wa kuweka akiba ni mahitaji, na unapangwa kwa kuangalia mwezi, hivyo sharti la pili limevunjika waziwazi. Upepo hautabiriki kwa namna hiyo, basi unamkuta mfanyabiashara hajajiandaa.

Dagaa wabichi wanaharibika siku hiyohiyo na hakuna anayeweza kuwaweka wangoje. Kwa hiyo mwezi ni ala ya dagaa wabichi, si ya wakavu. Ziwa ni lilelile, taa ni zilezile, na sharti linatimia kwenye meza moja na kuvunjika kwenye ghala lililo mtaa wa pili. Namwomba anayenakili kazi hii asichukue kigeu ala peke yake. Achukue na hoja yake, kisha aijaribu upya kwa bidhaa yake.

Jambo hili linagusa pia mradi wa akina mama. Jokofu ni ghala. Likiwa moja, makadirio yetu yanafaa. Wakaangaji wote wa Ilemela wakinunua majokofu, dagaa wabichi nao watakuwa bidhaa inayohifadhika na ala yetu itakufa. Nimewaandikia hivyo.

19 Julai 2025: makadirio

Tarehe 25 Januari 2024 mwezi ulikuwa mpevu. Tarehe 25 Juni 2025 ulikuwa mwandamo. Wiki ya mishahara imeonja mbalamwezi na giza, na kidhibiti cha tarehe hakimezi tena kigeu ala. Ndizi zimebaki kimya. F ya hatua ya kwanza, iliyorekebishwa kwa makosa yanayofuatana, imevuka 10 kwa mbali ikiwa na vidhibiti vyote.

Haijafika 104.7. Namba hiyo waliitoa David Lee, Justin McCrary, Marcelo Moreira na Jack Porter mwaka 2022, wakionyesha kwamba kwa ala moja, chini ya kiwango hicho, mpaka wa kawaida wa 1.96, unaotumika kuamua kama matokeo ni zaidi ya bahati, hauhakikishi kosa la asilimia 5 linalodaiwa. Sikuona sababu ya kubishana nao wala ya kukata tamaa. Masafa ya uhakika, yaani thamani za unyumbufu ambazo takwimu hazizikatai, nimeyatoa kwa jaribio la Anderson na Rubin la mwaka 1949, ambalo linabaki halali hata ala ikiwa dhaifu kiasi gani: kwa kila thamani ya unyumbufu, kiasi kinarekebishwa kwa thamani hiyo, kisha inaulizwa kama saa za giza bado zinaeleza chochote kilichobaki. Thamani ambazo giza halina la kuzieleza ndizo zinazoingia kwenye masafa.

Makadirio ya hatua mbili yako mbali na sifuri kuliko ya regresheni ya kawaida, upande ule nadharia ilioutarajia, na yanazidi 1 kidogo kwa ukubwa. Masafa ya Anderson na Rubin ni mapana na yanaijumuisha 1. Kwa lugha ya mkopo: mapato yana uwezekano zaidi wa kupanda kuliko kushuka mzigo ukiongezeka, lakini takwimu hizi haziwezi kuliondoa jibu la kwamba yatabaki palepale au hata yatashuka. Nimewasomea akina mama mipaka yote miwili ya masafa, wa chini na wa juu, na rejesho la kila mwezi likiwa limewekwa kando ya kila mmoja. Kwa mpaka wa chini, jokofu kubwa halijilipi. Wamechagua kuanza na majokofu madogo mawili ya kukodi.

Njia moja bado iko wazi. Wavuvi wa nyavu za makila, zile za kutega majini, wanasema samaki huuona wavu kwenye mwanga wa mwezi. Ikiwa sato na sangara wadogo wa soko la mjini nao hupungua wakati wa mbalamwezi, bei yao hupanda, na baadhi ya wateja wao huhamia kwenye dagaa. Mwezi utakuwa umefika kwenye mahitaji kupitia bakuli la jirani. Kuiweka bei ya sato kama kidhibiti si suluhisho, maana nayo huamuliwa sokoni siku hiyohiyo na inahitaji ala yake. Kuanzia 1 Agosti kijana wetu ataandika bei ya sato kwa kilo kila asubuhi, kwa posho ya nyongeza ya shilingi 2,000, na swali la kwanza litakuwa kama saa za giza zinaisogeza. Faili za bei, jedwali la saa za giza na programu nzima nitampa yeyote anayetaka kurudia hesabu hizi kwa mwalo wake.